Mazagazaga ya Nyumbani: Kipi Uuze, Kipi Ugawe, Kipi Usimpe Mtu

Watu wengi wakiamua kupunguza vitu ndani ya nyumba huanza na swali lisilosaidia: "Bado nakipenda?" Swali hilo litakukalisha sakafuni saa nzima na sweta moja mapajani. Jiulize hivi: kitu hiki kikitoka hapa kinakwenda kwa nani, na kitamfanyia nini? Njia za kutokea ni chache tu: kuuza, kugawa, kupeleka kwa wanaonunua vyuma, karatasi na plastiki, au kutupa. Lakini kabla ya zote hizo, tenga vitu vya hatari. Ukikosea bei unapoteza hela kidogo, ila ukikosea betri unaweza kuchoma lori la taka.

Betri za lithiamu, yaani za simu, laptopu, pawabenki na vitu vya kuchezea vinavyochajiwa, zikigandamizwa au kutobolewa huchemka na kuwaka, na moto wake una tabia ya kurudi baada ya kuonekana umezimika. Bandika selotepu kwenye ncha za kila betri kabla ya kuiweka na nyingine. Ile ya mraba ya volti 9 ndiyo inayosahaulika zaidi: chanya na hasi zimekaa upande mmoja, hivyo ufunguo mmoja tu droo ileile unatosha kuziunganisha. Betri iliyovimba usiitoboe eti itoe hewa, wala usijaribu kuichaji. Ilaze ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, usikaze kifuniko, weka nje mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke panapopokelewa taka za umeme.

Dawa zilizopitwa na wakati, uliza kwanza duka la dawa kama wanazipokea. Kama hawapokei, toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, vichanganye na udongo au majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, ndipo utupe. Mchanganyiko huo unafanya mtoto au mnyama anayechakura jalala asivitamani. Usizimwage chooni, ila kama karatasi yake ya maelekezo imesema hivyo. Jina lako kwenye lebo lichane.

Rangi ya maji iliyobaki kidogo kwenye kopo haina shida: mimina vumbi la mbao au mchanga, koroga hadi iwe nzito kama ugali, acha wazi ikauke kabisa, tupa kopo bila kifuniko ili mzoa taka aone ni kavu. Rangi ya mafuta, tina ya kuyeyushia rangi, dawa za wadudu na oili chafu ya injini ni habari nyingine. Hizo hazimwagwi mtaroni wala chini, na kila moja ibaki kwenye chombo chake chenye lebo hadi ifike inapopokelewa. Kosa linalofanywa kila mara ni kukusanya masalio yote kwenye dumu moja ili kuokoa nafasi. Dawa ya klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya sumu palepale, na oili iliyoingia tina haitakiwi tena na wanaoisafisha upya. Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani kwenye fanicha usiyakunje ukayatupia pipani, kwani hujipasha moto yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje, moja moja, yakauke.

Mtungi wa gesi, hata ukiwa mtupu, hauendi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Unarudi kwa muuza gesi.

Friji linastahili maelezo yake. Atatokea mtu wa kukwambia atalikata uani achukue shaba akuachie bodi. Mkatalie. Mabomba yale yana gesi: mafriji ya zamani yana zile zinazoharibu tabaka la ozoni, zilizowekewa mipaka na Mkataba wa Montreal wa 1987, na mengi mapya yana R600a, ambayo ni isobutani na inawaka kama gesi ya kupikia. Kibandiko cha nyuma au cha ndani huandika ni ipi. Inatakiwa inyonywe na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo. Friji bovu likisubiri kuchukuliwa, ng'oa mlango wake siku hiyohiyo, maana mtoto akijificha ndani hewa haiingii na sauti haitoki.

Kama bado linagandisha na unaliuza, lizime siku moja kabla, barafu iyeyuke, likaushe hadi kwenye mpira wa mlango, kisha tegesha mlango kwa kipande cha mbao lisiote ukungu. Lisafirishwe likiwa limesimama. Likilazwa, oili ya kompresa hukimbilia kwenye mabomba, kwa hiyo mwambie mnunuzi alisimamishe saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Usipomwambia, atalichomeka palepale na kesho atakupigia simu kwamba umemuuzia bovu.

Simu nayo ina mpangilio wake: hamisha picha na majina, toka kwenye akaunti, ndipo urudishe mipangilio ya kiwandani, halafu utoe laini na memori kadi. Hatua ya kutoka kwenye akaunti ndiyo inayorukwa, na matokeo yake simu inamdai mwenye mpya nywila yako. Kwa kompyuta, kumwaga pipa la kwenye skrini hakufuti mafaili, kunafuta orodha tu ya mahali yalipo. Diski ya kuzunguka iandikwe juu yote kwa programu ya kufuta, au itobolewe kwa dreli. Kwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, kuandika juu hakufiki kila kona, kwa hiyo tumia amri ya kufuta ya mtengenezaji wake.

Sasa kugawa. Nguo zifuliwe na zikauke kabisa, kwa sababu moja tu yenye unyevu huozesha mfuko mzima. Viatu vifungwe kamba kwa kamba, la sivyo vitafika kimoja kimoja. Mfuko usizidi kilo 10 hivi, ukizidi utachanika mkononi mwa mwingine. Zilizochakaa za pamba ni matambara mazuri, ila za polista hazifyonzi maji, hizo usijidanganye nazo.

Godoro likague mishono kwa tochi. Kunguni wanakaa miezi bila kuonja damu, kwa hiyo "limekaa stoo muda mrefu" si hoja. Ukiwaona, lifunge plastiki kabla ya kulipitisha koridoni, na nje lichane kwa kisu na kuliandika "KUNGUNI" kwa rangi, maana godoro zima lililoachwa kando ya njia halimalizi usiku pale. Kofia ngumu ya pikipiki iliyopigwa chini na kiti cha mtoto cha gari kilichopitia ajali, visigawiwe kabisa. Povu la ndani hupasuka bila kuonekana nje. Kata mikanda yake, tupa.

Kuuza kuna faida kwenye vitu vikubwa au vinavyotafutwa. Piga picha mchana, kasoro ipigwe kwa karibu, na ujiwekee siku 14: kisipouzika, kinagawiwa. Kabati la mbao za kubandikwa liuzwe likiwa zima kama mlango unaruhusu, kwa kuwa matundu ya skrubu zake hayashiki vizuri mara ya pili. Likilazimika kufunguliwa, skrubu ziingie kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ubao wake.

Karatasi za benki na hospitali, kama huna mashine ya kuzichana, zilowekwe kwenye ndoo usiku kucha kisha zipondwe hadi ziwe uji.

Vitu vinavyokugomea uamuzi vitie kwenye boksi moja, si mawili. Libandike selotepu, andika tarehe ya miezi 6 mbele, na siku hiyo ikifika hujalifungua, linatoka lilivyo kwenda kwa wa kugawiwa. Kabla ya kulibandika pekua hadi chini: hati zitoke, na betri zitoke.