Kisukari kimegundulika juzi, mbona nyayo zinawaka moto?

Nimeambiwa nina kisukari wiki mbili zilizopita, lakini nyayo zinaniwaka moto tangu mwaka jana. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa. Kisukari cha aina ya pili hukaa mwilini hata miaka kadhaa bila kujulikana, na muda wote huo sukari inaharibu mishipa ya fahamu pamoja na vimishipa vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu ndiyo huumia kwanza. Kwa hiyo dalili huanzia vidoleni, miguu yote miwili, zikapanda polepole kama mtu anayevuta soksi. Usiku huzidi, hata shuka likigusa linauma. Ganzi ya mguu mmoja tu, au udhaifu wa ghafla, ni jambo jingine: wahi hospitali siku hiyohiyo.

Usikubali pia kila kitu kisingiziwe sukari. Omba kupimwa vitamini B12, figo na homoni za tezi ya shingo. Sema ukweli kuhusu pombe. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, zitaje: isoniazidi huleta ganzi hiyohiyo isipoambatana na vitamini B6.

Mimi siumwi popote. Kuna haja ya kupimwa miguu?

Ipo, na pengine kuliko anayeumwa, kwa sababu ganzi haipigi kelele. Mwenye aina ya pili hupimwa anapogundulika, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza, kuanzia mwaka wa tano tangu agundulike. Kliniki hutumia uzi wa plastiki unaopinda ukikandamizwa kwa gramu 10.

Nyumbani, lala, vua soksi, fumba macho. Mtu akuguse ncha za vidole vitatu kila mguu: gumba, cha kati na cha mwisho. Mguso uwe mwepesi kama wa unyoya, sekunde moja au mbili, nawe useme "kulia" au "kushoto". Asibonyeze, asisugue, wala asirudie pale ulipokosa, maana mkandamizo huweza kusikika hata pale mguso mwepesi usiposikika. Ukikosa miguso miwili au zaidi kati ya sita, nenda kliniki.

Nilianza dawa, sukari ikashuka haraka, ndipo maumivu yakazidi. Niache?

Usiache. HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ikishuka zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi mitatu, tuseme kutoka asilimia 12 hadi 8, mishipa midogo ya fahamu inaweza kuanza kuuma vikali ndani ya wiki nane. Mara nyingi hutulia baada ya miezi kadhaa. Mwone daktari, na macho yapimwe pia, kwani nayo huweza kuzorota kipindi hichohicho.

Kwa maumivu, panadoli na diklofenaki hazisaidii sana, na diklofenaki huweza kuumiza figo. Amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, huanzwa kwa miligramu 10 au 25 usiku na kuongezwa taratibu; ipe wiki sita hadi nane kabla ya kuihukumu. Hukausha kinywa na huweza kuzuia mkojo, kwa hiyo mwenye shida ya tezi dume, presha ya macho au moyo aseme mapema.

Ninunue vidonge vya "kusafisha mishipa"?

Hapana. B12 humsaidia aliyepungukiwa nayo, mathalani aliyetumia metformini, dawa ya kushusha sukari, miaka mingi. Pesa hiyo nunulia vijiti vya kupimia sukari.

Nakanda miguu yenye ganzi kwa maji ya moto na chumvi. Ni sawa?

Acha leo. Mguu wenye ganzi hauwezi kukuambia kwamba unaungua. Utaona malengelenge asubuhi. Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, usiloweke, kausha hadi katikati ya vidole. Mafuta paka juu na nyayoni, si katikati ya vidole, fangasi hupenda unyevu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Nunua vipya jioni, miguu ikiwa imejaa. Sugu usizikwangue kwa wembe. Kila usiku weka kioo sakafuni ukague nyayo.

Kidonda kipya, hata kisichouma, kionwe kliniki ndani ya siku moja. Mguu ukivimba na kupata joto bila maumivu, mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani. Ngozi nyeusi huficha wekundu, kwa hiyo linganisha miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Ukikuta mmoja una joto zaidi, usiukanyagie, nenda hospitali siku hiyo.