Meza ya seremala isiyotikisika kwa mbao za 2x4 (inchi 2 kwa 4)

Mbao za msindano, hizi paini zinazoshushwa kutoka Mafinga na msitu wa Sao Hill, zinatosha kabisa kwa meza ya useremala ya nyumbani. Usipeleke mninga wala mkongo huku. Uso laini una faida yake: kazi ikigongana na meza, meza ndiyo inayobonyea, mlango wa kabati la mteja unabaki salama.

Tatizo la meza nyingi ni mtikisiko, na dawa yake haiko kwenye unene wa mbao. Meza ya seremala haisumbuliwi na mzigo unaokaa juu yake, inasumbuliwa na kusukumwa. Kila unapopiga randa unailaza miguu upande, mamia ya mara kwa siku. Msumari hapo haudumu. Tundu lake linapanuka kidogo kidogo mpaka kiungo kinaanza kulia. Kwa hiyo nguvu zako ziweke kwenye mbao mbili ndefu za chini zinazofunga miguu ya kushoto na ya kulia.

Kimo kinatokana na mwili wako. Vaa viatu vya kazi, simama wima, acha mikono ining'inie, kisha pima kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Mtu wa sentimita 170 anapata kama sentimita 85. Ukizidisha, randa utaisukuma kwa mabega tu na utachoka mapema. Ukipunguza sana, mgongo utakudai. Upana wa sentimita 60 unatosha, na urefu wa futi 6 unapatikana bila kupoteza mbao, maana mbao ya futi 12 inatoa vipande viwili.

Hesabu ya mbao ni hii: 2x4 za futi 12 kumi na 2x6 ya futi 12 moja. Saba katika hizo 2x4 ni za uso, mbili za miguu, moja ya mbao fupi za pembeni. Nunua 2x4 mbili za ziada, kwa sababu lazima utakuta yenye fundo bovu au iliyojinyonga, yaani ncha zake mbili hazilali sawa. Pale dukani inua kila mbao, ichungulie kwa jicho moja kutoka nchani. Ikipinda upande mmoja, randa itaitengeneza. Iliyojinyonga iache palepale. Epuka pia zilizotiwa dawa ya kijani ya CCA. Ina arseniki, ambayo ni sumu, na wewe utakuwa unavuta vumbi lake. Kama umeshazinunua, vaa barakoa, na vipande vinavyobaki visiingie jikoni kama kuni kwa hali yoyote.

Mbao nyingi zinafika dukani zikiwa bado na maji. Zipange kivulini penye upepo, kila tabaka litenganishwe na vifito vya inchi moja, weka uzito juu. Kata kipande kifupi, kichanganye na zilizopangwa, kipime kwa mizani kila baada ya siku chache. Kikiacha kupungua uzito, mbao zimezoea hewa ya hapo kwako. Ukiruka hatua hii, mianya itafunguka kati ya mbao za uso na viungo vya miguu vitalegea, hata kama uliviunga vizuri.

Kwa uso, kata vipande 14 vya futi 6, vipige randa pande zote mbili pana, uvisimamishe kwa ubavu. Kila kimoja kikibaki na milimita 44 unapata upana wa karibu sentimita 62 na unene wa kama sentimita 9. Kabla ya gundi, vipange vyote na uchore mshale kuonyesha nyuzi zinakoelekea. Mishale yote ielekee upande mmoja, la sivyo siku ya kusawazisha randa itang'oa nyuzi kwenye kila ubao wa pili. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili za kiungo, unga vipande vinne au vitano kwa mara moja, na weka klampu kila baada ya sentimita 20 hivi. Huna klampu za kutosha? Chukua mbao imara, pigilia vizuizi viwili kwenye ncha zake, weka kazi katikati, kisha gonga kabari mbili zinazotazamana mpaka gundi ichuruzike mstari mzima. Mahali ambapo gundi haijatoka, bado pana mwanya. Acha hadi kesho yake.

Miguu ni vipande viwili vya sentimita 76 vilivyogundishwa pamoja, miguu minne. Mbao fupi za pembeni, nne za sentimita 50, zinaingia kwenye mguu kwa ulimi (ncha iliyochongwa nyembamba iingie kwenye tundu la mguu) wa sentimita 5 wenye unene wa milimita 15, na gundi. Hapo unapata fremu mbili za pembeni ambazo hazifunguki tena.

Mbao ndefu za 2x6, sentimita 135 kila moja, zisigundishwe. Zifunge kwa bolti za milimita 12, urefu milimita 180, mbili kwa kila kiungo, jumla 8. Bolti moja huiacha mbao izunguke. Bolti inapita katikati ya mguu na kuingia kwenye ncha ya mbao ndefu. Sentimita 6 kutoka nchani toboa tundu la milimita 30 kutoka ubavuni ili nati ikae humo. Ukuta wa tundu hilo ulio upande wa nchani uchonge kwa patasi uwe bapa, ili washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati, ilale yote. Ikikaa juu ya ukuta wa mviringo, itagusa kingo mbili tu, itazama kwenye mbao laini, na bolti italegea ndani ya wiki chache. Angalia pia mbao fupi ya chini isiwe kimo kimoja na ndefu, bolti zitakata ulimi wake. Ndefu ianze sentimita 10 kutoka sakafuni, fupi ianze sentimita 28.

Miguu ya mbele iwe sawasawa na ukingo wa mbele wa uso. Watu wengi huirudisha ndani kama meza ya chakula, halafu wanakosa pa kufungia ubao mrefu unaotaka kupigwa randa ubavuni.

Uso ufunge kutokea chini, kwenye mbao fupi za juu, kwa skrubu nene za kukazwa kwa spana. Matundu ya mbele yawe ya duara, ya nyuma yatanue kuelekea nyuma, maana upana wa uso utabadilika milimita kadhaa kati ya kiangazi na masika. Kisha usawazishe: chora mistari ya penseli uso mzima, piga randa kwa mshazari mpaka mistari yote ifutike, malizia kwa kufuata nyuzi. Meza nzima itakuwa na kama kilo 70. Weka rafu juu ya mbao ndefu na upange humo vifaa vizito.

Jiliwa (kifaa cha kubania kazi) la inchi 7 au 9 lifunge karibu na mguu wa mbele kushoto, kulia kwa anayetumia mkono wa kushoto. Taya la ndani lizamishwe liwe sawa na ukingo wa meza. Unapobana kazi upande mmoja wa taya, weka kipande chenye unene uleule upande wa pili, vinginevyo taya litapinda na kushika kwa ncha tu. Bolti zote 8 zikaze tena baada ya mwezi, halafu kila msimu unapobadilika.