Kabla hujabandika namba mgongoni mwa kitabu

Walimu wanaokabidhiwa funguo za maktaba za shule huniuliza swali lile lile kila boksi la vitabu vipya linapofunguliwa: "Hiki nikipe namba gani?" Nami huwauliza: kinahusu nini? Wengi hunisomea jina lililo kwenye jalada. Jina halitoshi. Kitabu kilichopewa jina la mto kinaweza kuwa riwaya, historia ya watu wa bonde lile, au ripoti ya mradi wa umeme.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote: weka Dewey, yaani orodha ya namba za kupangia vitabu kwa mada, pembeni kwanza. Soma yaliyomo, dibaji, utangulizi na kurasa chache za sura ya mwisho. Kisha andika sentensi moja kwa Kiswahili chako mwenyewe: "Kitabu hiki kinamfundisha mkulima mdogo kupanda na kutunza mibuni." Ukiipata sentensi hiyo, kazi kubwa umeimaliza. Kilimo cha kahawa ni 633.73. Kama sentensi yako ingesema kitabu kinaeleza bei, masoko na vyama vya ushirika, namba ingekuwa 338.17373. Kama kinaeleza kukaanga na kusaga kahawa kiwandani, ni 663.93. Vitabu vyote vitatu vinaweza kuwa na picha ya buni nyekundu kwenye jalada, na nimeviona katika maktaba moja vimepangwa pamoja kana kwamba ni mapacha. Kijana wa biashara aliyekuja kutafuta masuala ya bei alipekua vitabu vya mbolea akaondoka.

Mada mbili zikikutana, uliza kwanza ipi inaathiriwa. Kitabu kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa mahindi kinakwenda kwenye mahindi, 633.15. Kitabu kuhusu mchango wa Kiarabu katika Kiswahili kinakwenda kwenye Kiswahili, 496.392. Kama hakuna inayoathiri nyingine na zote zimepewa uzito sawa, chukua namba inayotangulia: kitabu cha kuku (636.5) na nyuki (638.1) kitaingia 636.5. Zikiwa tatu au zaidi ndani ya mada moja pana, kwa mfano kuku, mbuzi na ng'ombe, panda juu hadi 636.

Kitabu kina mwili mmoja, hakiwezi kukaa rafu mbili. Ndiyo maana namba ni moja, ila vichwa vya mada, yaani maneno ya mada unayoandika kwenye katalogi ili msomaji akipate kitabu, vinaweza kuwa viwili, vitatu au zaidi. Hapa ndipo wengi wanapojinyima. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa Pate mwaka 1858, mama akimwasia binti yake. Ni ushairi wa Kiswahili, kwa hiyo namba yake ni 896.3921. Lakini mwanafunzi anayetafiti ndoa katika jamii za pwani hataanzia kwenye mashairi, wala anayesoma maadili ya Kiislamu. Mpe wa kwanza "Ndoa", mpe wa pili "Maadili ya Kiislamu", na ongeza "Wanawake wa Kiswahili". Rafu haikuruhusu kufanya hivyo, katalogi inakuruhusu. Na kama kitabu ulichoshika ni uchambuzi wa tendi, si utendi wenyewe, usisahau kuonyesha tofauti hiyo: namba inakuwa 896.3921009, na kichwa kinakuwa "Ushairi wa Kiswahili – Historia na uhakiki".

Usizidishe lakini. Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, inafuata kanuni kwamba mada ipewe kichwa ikiwa imechukua walau asilimia 20 ya kitabu. Mimi naiona kanuni nzuri hata kwa maktaba ya chumba kimoja. Msomaji aliyeletewa kitabu chenye aya mbili tu za kile alichotaka hataiamini katalogi yako mara ya pili.

Na kichwa kiwe mahususi. Charles Cutter, mkutubi wa Marekani, aliliandika hilo katika kanuni zake za mwaka 1876, mwaka uleule Melvil Dewey alipotoa toleo la kwanza la mfumo wake wa namba: kitabu kiingizwe chini ya mada yake yenyewe, si chini ya mada pana inayoibeba. Kitabu cha kufuga nyuki kiandikwe "Ufugaji nyuki", si "Kilimo". Maktaba ambayo vitabu mia vimeandikwa "Kilimo" haijamsaidia mtu yeyote.

Suala la kunakili namba za wengine linahitaji uangalifu. Tazama nyuma ya ukurasa wa jina. Vitabu vingi vimechapishwa tayari na namba. Kama haipo, ingia kwenye katalogi ya Library of Congress mtandaoni, ni bure. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda wetu, hivyo vitabu vingi vya Kiswahili utavikuta humo. Nakili, ila kumbuka kwamba namba hiyo inahudumia mkusanyo mkubwa sana. Kule, 633.7309678 ina maana: kahawa, Tanzania. Katika maktaba ya Moshi, karibu kila kitabu cha kahawa ni cha Tanzania, kwa hiyo 09678 inarefusha lebo bila kumsaidia msomaji. Kata ubaki na 633.73. Lakini usikate hadi 633.7, kwa sababu hapo tumbaku, chai, kahawa na kakao zote zimechanganyika.

Kinyume chake, kuna mahali ambapo ufupi unaumiza. Dewey aliupa Ukristo nafasi kuanzia 220 hadi 289, Uislamu akauweka ndani ya 297 peke yake, na dini za asili za Afrika zimo 299.6. Mgawanyo huo hauwatendei haki wasomaji wa Zanzibar, Lamu au Tanga. Maktaba ya huko ikiandika 297 tupu, robo ya ukuta inakuwa na namba moja. Hapo tumia desimali zote unazohitaji: Kurani 297.122, maisha ya Mtume 297.63, sheria na hukumu za dini 297.14. Urefu wa namba uamuliwe na wingi wa vitabu ulivyo navyo, si na kanuni ya tarakimu ngapi.

Fasihi yetu nayo haikutendewa haki. Riwaya zote za Kiswahili ni 896.3923, namba ndefu kwenye kitabu chembamba, na zinasukumwa mwisho kabisa wa mia nane wakati ndizo zinazosomwa zaidi. Watu wachache wanajua kwamba Dewey yenyewe inaruhusu maktaba kuitanguliza fasihi ya lugha yake kwa kutumia herufi, kabla ya 810. Unaweza kuwa na 8K0, K ikiwa ya Kiswahili: mashairi 8K1, tamthilia 8K2, riwaya 8K3, kisha herufi tatu za mwandishi. Kwa shule ya msingi au sekondari naipenda njia hii kwa moyo wote. Ila kama maktaba yenu inabadilishana rekodi na nyingine, bakini na 896.392.

Lugha ya vichwa nayo ni haki ya msomaji. Orodha kubwa za vichwa ziko kwa Kiingereza, na mtoto wa kidato cha kwanza anatafuta "malaria kwa wajawazito" kwa maneno anayoyajua. Kwenye Koha, programu ya kompyuta ya katalogi, weka kichwa cha Kiingereza katika uwanja wa 650, ambao ni wa vichwa vya mada, kisha uongeze kingine cha 650 kwa Kiswahili, kiashiria cha pili (tarakimu inayoonyesha orodha kilikotoka kichwa) kikiwa 4. Amua neno moja na ulishike: kama umechagua "Kompyuta", basi "Tarakilishi" iwe rejeo la kumpeleka msomaji huko, si kichwa cha pili kinachogawa vitabu vyako mafungu mawili.

Maamuzi haya yote yaandikwe katika daftari moja linalokaa mezani pa maktaba: neno mlilolichagua, mahali mnapokata namba, vitabu vya methali mmeviweka 398.9 au pamoja na lugha, na sababu yake. Walimu huhamishwa. Anayekuja asipolikuta daftari ataanza upya kwa mtindo wake, na ndani ya miaka michache methali zitakuwa rafu tatu tofauti.