Barua kwa binti yangu: shamba la Anathothi

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na ile sauti uliyonitumia juzi saa tano usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na mama yako, akatoka nje kabla haijaisha. Sikutaka kukujibu kwa simu. Mambo mengine yanataka karatasi na kalamu, mtu aandike, akate, atulie, aandike tena.

Nayarudia maneno yako ili ujue nimeyasikia. Ulisema: "Baba, nabii aliniambia kabla ya Desemba nitakuwa nimebeba mtoto. Nikafunga siku 21, nikatoa mshahara mzima kama mbegu. Sasa Desemba ya pili imepita. Nilipomrudia akasema imani yangu ndiyo iliyopungua. Mnasema Mungu ni mwaminifu. Mwaminifu kwa nani?"

Nianze na hilo la imani yako. Ling'oe moyoni leo hii. Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Hebu ikumbuke asubuhi ile ya kaburini. Yesu alikuwa amewaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba atauawa, na siku ya tatu atafufuka. Nani alikwenda kumpokea? Hakuna. Wanawake walikwenda na manukato ya kupaka maiti, na wanaume jioni yake walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Na bado kijana mwenye vazi jeupe waliyemkuta kaburini anawaambia wale wanawake kwamba huko Galilaya watamwona, "kama alivyowaambia". Ahadi kubwa kuliko zote ilitimia, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akiingojea. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Mungu alikuwa tayari kukupa ila imani yako ikapelea kidogo, huyo hamjui Mungu anayemsemea.

Sasa swali lenyewe. Fungua Yeremia sura ya 28. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alikuwa ameshachukua vyombo vya hekalu na maelfu ya watu, wako Babeli. Nabii mmoja, Hanania, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vitarudi na mateka watarudi. Mfikirie mama ambaye mwanawe yuko Babeli, amesimama pale anasikia. Anarudi nyumbani anaanza kuhesabu miezi, kama ulivyohesabu wewe. Yeremia naye yuko pale, shingoni amevaa nira ya mti, ishara ya kuitumikia Babeli. Unajua alijibu nini? "Amina." Bwana na afanye hivyo. Alitamani kwa moyo wote iwe kweli. Lakini baadaye alimwambia Hanania usoni kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba anawatumainisha watu uongo. Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Miaka miwili ikapita, vyombo havikurudi.

Yule mama alimlaumu nani? Naogopa alimlaumu Mungu. Ndivyo inavyokuwa. Mtu anakwenda dukani anakopa kwa jina langu, sukari, mafuta, unga, halafu mwenye duka anakuja kunidai mimi. Wewe mwanangu umemdai Mungu miaka miwili deni ambalo hakulikopa. Na mimi, kama Yeremia, nilisema Amina uliponipigia siku ile ukicheka na kulia. Ningeweza kukuonya, nikaogopa kukuvunja moyo. Nisamehe kwa hilo.

Usidhani namsuta mhubiri wako tu. Mimi nimewahi kuwa Hanania ndani ya nyumba hii. Kaka yako, ambaye hukumwona, aliugua malaria mwaka 1994. Alikuwa na miaka miwili na ushee. Alfajiri nikatoka wodini nikaenda kuomba chini ya mkaratusi, nikarudi nikamwambia mama yako, "Mungu amenihakikishia, mtoto hafi." Akaacha kulia, akafunga kanga vizuri, akaanza hata kumwimbia. Jioni ile mtoto akafariki.

Mama yako hakunisema. Miezi ilipita. Siku moja tunachambua maharage, akasema bila kuinua macho: "Hukuambiwa wewe. Ulitamani. Ungeniambia unatamani, tungelia pamoja." Tangu siku ile sijaweka neno kinywani mwa Mungu.

Wakati ule nilikuwa nimeacha kwenda ibadani. Kuna mzee jirani yetu, ameshatangulia mbele za haki, alikuja jioni moja na kigoda chake. Mahindi yalikuwa yamejaa barazani, hayajapukuchuliwa, kwa sababu sikuwa na mkono wala moyo. Akakaa, akachukua hindi la kwanza, akaanza. Nikakaa naye. Hakunukuu mstari, hakuniuliza naendeleaje. Jioni nne mfululizo, punje zinaanguka kwenye ungo, mpaka tukajaza magunia mawili. Ya nne akasema usiku mwema, akaondoka na kigoda chake. Mwaka mzima baadaye nilikuwa nasoma Waebrania nikafika pale: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Nikasikia zile punje. Hii, mwanangu, ni ahadi. Hii aliisema mwenyewe. Na kaburini kwa mwanangu nilipoipima, haikuwa imepungua.

Ndiyo maana nakuomba, kila ukiambiwa ahadi, uliza: ilisemwa na nani, kwa nani, na ya lini? Watakuambia habari za Sara. Sara alizaa akiwa na miaka 90, kweli, na Ibrahimu alikuwa amengoja miaka 25 tangu atoke Harani. Lakini Sara alitajwa kwa jina: "Sara mkeo atakuzalia mwana." Mimi na wewe hatuna neno kama hilo lenye jina lako, na kwa kuwa nakupenda sitakuandikia. Tunacho alichokuwa nacho Hana, yule mama wa Biblia aliyekosa mtoto. Hana hakuwa na ahadi yoyote alipokwenda Shilo. Alikuwa na uchungu, akaumimina mbele za Bwana mpaka kuhani akadhani amelewa. Ombi si ahadi, lakini ombi ni halali yako, na mimi na mama yako tunaomba nawe kila usiku. Hatujachoka. (Na mwende hospitali wote wawili. Narudia, wote wawili. Mume wako apimwe pia, si wewe peke yako kila mara.)

Ule mstari ulioandikwa kwenye kadi ya harusi yenu, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, hakuna aliyeandika mstari wa 10 kabla yake. Mstari wa 10 unasema miaka 70. Ni barua kwa watu walioko utumwani, na aliyeisoma akiwa na miaka 30 alijua hatarudi kwa miguu yake. Anaambiwa ajenge nyumba, apande bustani, ale matunda yake. Anaambiwa pia azae wana na binti, najua hapo panakuchoma, sitapita kama sijapaona. Miaka mingi niliudhika na ile 70. Hanania anatoa miwili, Mungu anatoa 70, nani hatachagua miwili? Lakini miwili haikuja, na 70 ilikuja. Koreshi mfalme wa Uajemi alipoiteka Babeli akatoa ruhusa watu warudi wakajenge, na Ezra anaanza kitabu chake kwa kusema ilikuwa ili neno la Bwana kwa kinywa cha Yeremia lipate kutimizwa. Na vile vyombo vilivyotolewa hekaluni, Ezra anaviorodhesha, visahani na mabakuli na visu, vilihesabiwa kimoja kimoja wakati wa kurudishwa.

Lakini sehemu ninayoirudia mimi ni sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji. Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa amri ya mfalme Sedekia. Anakuja Hanameli, mwana wa ami yake, anamwambia: ninunulie shamba langu lililoko Anathothi. Anathothi ni kijiji alichozaliwa Yeremia, mwendo wa saa moja hivi kwa mguu kutoka Yerusalemu, na nje ya kuta zile ni askari watupu. Nani ananunua shamba wakati kama huo? Yeremia akanunua. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri nakala moja na nyingine ikaachwa wazi. Akamwambia Baruku, mwandishi wake, aziweke katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi. Hilo la chombo si hadithi tu. Mwaka 1947 wachungaji kule Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, walikuta magombo ndani ya mitungi ya udongo pangoni, na yalikuwa yamekaa miaka kama 2,000. Yeremia alijua anachokifanya. Aliihifadhi ile karatasi kwa ajili ya mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Baada ya kulipa, ndipo akaomba, na ukiisoma sala yake utaona hakuelewa. Anasema hapana neno gumu Mungu asiloliweza, halafu mwishoni anamwambia, kwa lugha yangu: mji huo umeshaanguka, nawe unaniambia ninunue shamba? Alitii akiwa na swali mdomoni. Kwa hiyo usiogope swali lako.

Hakulilima shamba lile. Mji ulianguka, na baadaye watu wake mwenyewe wakamchukua kwenda Misri, Biblia haisemi kwamba alirudi. Lakini soma Ezra sura ya 2, ule ukurasa ambao watu wote huuruka kwa sababu ni majina na hesabu tupu. Wanahesabiwa waliorudi kutoka Babeli, kijiji kwa kijiji. Mstari wa 23: watu wa Anathothi, 128.

Nilipoigundua ile namba nilikuwa peke yangu sebuleni, nikasimama. Watu 128 wanapanda ule mlima kuelekea kijiji cha Yeremia. Neno alilolinunulia shamba, kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile, lilikuwa linatembea kwa miguu. Umeniuliza mwaminifu kwa nani. Kwa neno lake, mwanangu. Na neno lake kwako ni lile la kutokukuacha, na la Kristo aliyefufuka, ambalo kwa hilo mimi natarajia kumwona tena kaka yako. Mengine yote tunaomba, na tunalia pale yanapochelewa, na huenda tukalia mpaka mwisho. Sitakudanganya tena.

Jambo la mwisho. Lile shamba la juu ya mto, alilolinunua babu yako, karatasi yake bado iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni, na alama ya dole gumba ya babu bado inaonekana. Nimeamua liwe lako. Baba zako wadogo waliniuliza shamba atarithi nani baada yako, na walimaanisha walichomaanisha. Nikawaambia ni lako, basi. Nimeandika jina lako, na sharti sikuandika. Mtendaji wa kijiji ameshaambiwa, anataka mashahidi wawili. Mmoja ni mama yako.

Njooni Pasaka, wewe na mume wako. Miparachichi ya upande wa chini imeanza kuzaa, mingine ni miche tuliyopanda Novemba. Nafasi ya sahihi yako nimeiacha wazi.

Ni mimi, baba yako.