Je, kubadili vinasaba vya mwanangu ni dhambi?

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Kijana wangu ana miaka 9 na ana selimundu. Mwaka huu ameshaongezewa damu mara 3. Shemeji yangu anasema Marekani kuna tiba ya kubadili vinasaba, mtu anapona. Mzee wa kanisa letu anasema huko ni kumsahihisha Mungu. Silali. Nikipata njia ya kumpeleka, nitakuwa nimekosea?
Mama B., Musoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka 26, na kilio cha mtoto wa selimundu usiku, maumivu yakimshika magotini, nakijua. Nadhani mzee wenu hakukuzuia kijana alipopewa damu ya mtu asiyemjua. Tiba hii hutumia damu yake mwenyewe. Seli mama za damu hutolewa, vinasaba vyake vikakatwa mahali pamoja tu: ile swichi inayozima himoglobini ya utotoni, yaani ile chembe nyekundu ya damu inayobeba hewa. Swichi ikiharibika, mwili hurudia kutengeneza damu kama aliyokuwa nayo tumboni mwako, ambayo haijikunji kama mundu. Victoria Gray, mama wa watoto 4 huko Mississippi, alitibiwa hivyo mwaka 2019. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye miaka 12 na kuendelea.

Mimi sioni dhambi hapo. Badiliko linaishia kwenye damu yake. Akija kuzaa, bado atarithisha kinasaba kilekile. Alichofanya mwanasayansi He Jiankui kule China ni jambo jingine kabisa. Alibadili viinitete, yaani mimba changa kabisa, ili visiambukizwe Virusi vya UKIMWI, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa mapacha wa kike wamezaliwa. Watoto hao hawakuulizwa, na wajukuu wao hawataulizwa. Alihukumiwa miaka 3 jela. Hapo nasimama na mzee wenu. Hata kinasaba hiki kinachotutesa, mtu akiwa nacho kimoja tu, kama wewe na baba yake, humkinga na malaria kali. Nani anajua tukikifuta ukoo mzima tutakuwa tumefuta na nini kingine?

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wa zamani, na dawa hiyo inaweza kumnyima uzazi. Siku ikifika, msikae wewe na shemeji mkaamua. Mkalishe kijana, mwambieni yote, hata hilo la watoto. Mwili ni wake.

Halafu bei. Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ugonjwa uko kwetu, tiba iko kwao. Hilo ndilo kosa ninaloliona mimi, wala si lako. Kwa hiyo usiuze shamba, na atakayekuambia anakupatia tiba hiyo kwa milioni chache, mkimbie.

Nenda kliniki ya selimundu, uliza kuhusu haidroksiurea. Ni vidonge, navyo pia huamsha ile himoglobini ya utotoni. Nimeona watoto waliokuwa wakilazwa kila mwezi wakamaliza muhula mzima shuleni. Foliki asidi asiikose, anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua. Homa ikifika nyuzi 38, hata kama ni saa nane usiku, mpeleke hospitali.