Barua kwa mwanangu: mkuki wa meno matatu ni wa nani?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikaona jibu lake halienei kwenye simu, na kidole gumba changu hakina subira ya kubonyezabonyeza. Basi nimevaa miwani nimekaa mezani. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu, goti limetulia.

Unasema mteja wako anayeuza samaki wa barafu ametaka nembo yenye mkuki wa meno matatu. Umeuchora, ukaubandika ukutani, na mwenzako mmoja wa ofisini akakuambia huo ni mkuki wa shetani na atakayeuweka kwenye biashara anajitafutia laana. Mwingine akasema la, ni wa mungu wa Wahindi, kauona kwenye hekalu kule Kisutu. Wewe ulimjua Poseidon tu, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, tena kwa sababu ya michezo ya kompyuta. Ndipo ukaniuliza: "Mama, ni wa nani hasa? Na uliwahi kupigana vita kweli, au ni pambo la miungu tu?"

Tummalize shetani kwanza, maana hana kesi ngumu. Soma Biblia yako yote, hutamkuta ameshika mkuki huo popote. Uma wa meno matatu umo, lakini uko mkononi mwa mtumishi wa kuhani. Fungua 1 Samweli sura ya 2: watu wanatoa sadaka Shilo, nyama inachemka, mtumishi anakuja na uma wake, anauchoma ndani ya chungu, na chochote kitakachonasa ni cha kuhani. Ni uma wa jikoni. Kosa linalosimuliwa pale ni ulafi wa wana wa Eli. Shetani alikuja kupewa uma na wachoraji wa Ulaya wa zama za kati, waliochora jehanamu kama jiko kubwa ambamo pepo wanawageuza wenye dhambi kwenye masufuria. Mpishi hakosi uma. Huyo mwenzako mwambie hivyo, ila kwa upole, maana mnakaa ofisi moja.

Sasa tuje kwenye maji. Unakumbuka mkuki wa mjomba wako, ule uliokuwa ukiegemezwa nyuma ya choo na sisi tukikukataza kuuchezea? Uliuona mara nyingi lakini sidhani kama uliutazama. Una meno matatu ya chuma, upana wake kama kiganja kilichofunguliwa kidogo, na kila jino lina kijichuma kilichopindia nyuma kama cha ndoana. Maji yakitoka, usiku, anakwenda nao mwambani na karabai. Samaki hayuko pale jicho linapomwona. Mwanga ukitoka majini hupinda, kwa hiyo samaki yuko chini zaidi kuliko anavyoonekana, na mchomaji lazima alenge chini yake. Hata mjuzi hukosea kidogo. Ncha moja ikikosea kidogo imekosa kabisa, au inateleza kwenye magamba na samaki anajipindua anakwenda zake. Meno matatu yanakusamehe kosa, na yale ya pembeni humzuia asijizungushe hadi akachomoka. Ndiyo sababu wavuvi wa bahari zilizo mbali sana wamefikia kifaa kilekile bila kufundishana.

Wagiriki wenyewe hawakuficha asili hiyo. Aeschylus, katika tamthilia yake ya mwaka 467 KK kuhusu mashujaa saba walioshambulia mji wa Thebes, anawafanya wanawake wa mji wamwombe Poseidon, na mkuki wake wanauita chombo cha kuchomea samaki. Mungu mkubwa kiasi hicho, na silaha yake inatajwa kwa kazi ya mvuvi. Mimi hapo ndipo ninaposimama: mungu aliazima kutoka kwa mvuvi. Hadithi zao zinasema kinyume, kwamba Saiklopi, wale majitu wenye jicho moja, waliwafulia ndugu watatu silaha, Zeus, mkuu wa miungu, akapata radi, Hades kofia ya kumfanya asionekane, na Poseidon mkuki wake. Ni hadithi nzuri, lakini mjomba wako hakuhitaji Saiklopi. Alikwenda kwa mhunzi.

Kinachonishangaza ni kwamba Poseidon akishaupata hachomi samaki nao hata siku moja. Katika Odisea, utenzi wa mshairi Homer, kitabu cha 5, anamwona Odysseus juu ya chelezo chake, anashika mkuki, anakusanya mawingu, anaivuruga bahari na kuamsha pepo za pande zote. Anaukoroga ulimwengu kwa ule mkuki. Katika Iliadi, utenzi wake mwingine, ndugu watatu wanagawana kwa kura, Zeus mbingu, Hades giza la wafu, Poseidon bahari, na ardhi inabaki ya wote. Poseidon anaikumbusha kura hiyo kwa ukali Zeus anapomwamuru atoke vitani. Na kwa kuwa ardhi ni ya wote, anaitikisa. Mtikisa Ardhi ni jina lake la kawaida kwa Homer. Ugiriki ni nchi ya matetemeko, na wao walipoona nyumba zinaanguka na bahari inapanda walijua ni nani amepiga chini.

Sikiliza hii ya Helike. Ulikuwa mji wa kaskazini mwa Peloponnesos, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, wenye mahali patakatifu pa Poseidon palipojulikana sana. Majira ya baridi ya mwaka 373 KK likaja tetemeko usiku, kisha maji, mji mzima ukazama. Watu wakasema wakazi walikuwa wamemkosea Poseidon. Zaidi ya miaka mia baadaye mwanachuoni Eratosthenes alifika pale, na wavushaji wakamweleza kwamba sanamu ya shaba ya Poseidon ingali imesimama majini, na kwamba ni hatari kwa wavuvi wa nyavu. Yaani mungu wa bahari, akiwa amezamishwa na bahari yake mwenyewe, anawachania wavuvi nyavu! Habari hii ametuhifadhia Strabo, mwanajiografia wa kale, na kila nikiisoma nacheka peke yangu.

Athens nako kuna lake. Poseidon na mungu wa kike Athena waligombea mji. Yeye akapiga mwamba wa Akropoli kwa mkuki, maji ya chumvi yakatoka. Athena akaotesha mzeituni. Athena akashinda, na kusema kweli ningeamua vivyo hivyo, maana maji ya chumvi juu ya kilima ni ya nini? Lakini Waathene hawakuutupa ushahidi wa aliyeshindwa. Msafiri Pausanias alipopita katika karne ya 2 BK alionyeshwa ndani ya jengo la Erechtheion kisima cha maji ya bahari, akaambiwa upepo wa kusini ukivuma kinatoa sauti ya mawimbi, na penye mwamba akaonyeshwa alama ya mkuki. Baraza ya kaskazini ya jengo hilo ina nafasi iliyoachwa sakafuni mwamba uonekane, na juu yake dari nayo imeachwa tundu. Wengine wanasema hapo ndipo mkuki ulipopita, wengine wanasema ni radi ya Zeus.

Mkuki au radi: swali hilohilo limewakaba wataalamu kwenye sanamu nyingine, na ni zuri kwa mchoraji kama wewe. Katika miaka ya 1920 ilitolewa baharini, karibu na rasi ya Artemision, sanamu ya shaba ya mwanamume mwenye ndevu, urefu wake mita 2.09, ya karibu mwaka 460 KK. Sasa iko Makumbusho ya Taifa ya Athens. Mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, wa kulia ameurudisha nyuma anataka kurusha, na alichokishika kimepotea. Miaka mingi watu walimwita Poseidon, kwani alitoka baharini. Halafu wengine wakafanya kitu rahisi: jaribu kuuweka mkuki mrefu kwenye mkono ule. Mti wake na meno yake vinapita mbele ya uso, na hakuna mchongaji wa kiwango kile ambaye angeuharibu uso wake mwenyewe. Radi fupi inakaa vizuri. Wengi leo wanasema ni Zeus, nami nakubaliana nao. Jaribu mwenyewe kwa kalamu.

Na si Wagiriki tu waliokaribiana na utata huo. Mesopotamia na Shamu, mungu wa dhoruba, Adad au Hadad, alichorwa ameshika radi yenye michirizi inayopanuka kama uma, mara nyingi amesimama juu ya fahali. Lipo jiwe la Arslan Tash, la karne ya 8 KK, sasa liko makumbusho ya Louvre, Paris, ambalo linamwonyesha hivyo, radi mkononi. Wapo wanaosema mkuki wa Poseidon nao ulianza kama radi ya namna hiyo. Sikatai kwamba michoro ilisafiri, ila Aeschylus na mjomba wako wananivuta upande mwingine.

Yule wa pili ofisini kwako naye yuko sahihi. Shiva anao, unaitwa trishula, na huko hauna harufu ya samaki kabisa. Waumini huuchomeka ardhini mbele ya mahekalu, masadhu, yaani watawa wao, hutembea nao, na kuna mlima wa Himalaya unaoitwa Trisul, wenye mita 7,120, kwa sababu ya vilele vyake vitatu. Ukiuliza meno matatu ni nini utapewa majibu mengi, na yote yanaheshimiwa: kuumba, kuhifadhi na kuangamiza, jana, leo na kesho, sifa tatu za maumbile. Hadithi ninayoipenda mimi ni ya Durga. Miungu wameshindwa na Mahishasura, pepo mwenye umbo la nyati. Nguvu zao zinakusanyika na kuwa mwanamke mmoja, na kila mmoja anampa silaha. Shiva anachomoa mkuki kutoka ndani ya mkuki wake mwenyewe, wake unabaki palepale, anampa. Durga anamkanyaga yule pepo, anamchoma, kisha anamkata kichwa kwa upanga. Zile sanamu za sikukuu ya Durga unazoziona, mkuki uko kifuani mwa pepo, ni tukio hilo.

Wahindi na Wagiriki waliigana? Upo mahali walipokutana, angalau kwenye sarafu. Baktria, kule Afghanistan ya leo, ilitawaliwa na wafalme wa Kigiriki baada ya Iskandari. Mmoja wao, Antimachus wa Kwanza, karne ya 2 KK, alitoa sarafu za fedha zenye Poseidon na mkuki wake, katika nchi isiyo na bahari. Karne chache baadaye wakaja watawala wengine, Wakushani, na sarafu za mfalme Vima Kadphises zinaonyesha mungu mwenye sura ya Shiva, mkuki wa meno matatu mkononi, fahali nyuma yake. Wachongaji wa sarafu huangalia sarafu za waliotangulia, kama wewe unavyoangalia nembo za wenzako kabla ya kuanza. Ila Shiva mwenyewe hakuzaliwa kwenye sarafu, na mapokeo yake hayahitaji Mgiriki ili kusimama.

Kuhusu vita jibu langu ni kwamba kidogo sana. Askari wa Kigiriki alibeba mkuki wa ncha moja, kwa sababu nguvu yote ya mkono inakwenda mahali pamoja, inapenya ngao. Igawe mara tatu, inakwama. Korea walikuwa na silaha ya meno matatu iitwayo dangpa, imo katika kitabu chao cha mafunzo ya vita cha mwaka 1790, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuunasa upanga wa adui.

Roma ndiko ulikotoa damu ya watu waziwazi, tena kwa burudani. Mpiganaji aliyeitwa retiarius aliingia uwanjani na wavu, mkuki wa meno matatu na kisu, bila kofia ya chuma wala ngao. Mpinzani wake alikuwa na ngao na kofia ya chuma ya mviringo, yenye uso mtelezi ambao wavu hauwezi kuushika, yenye matundu madogo ya macho. Kwa kifupi, mvuvi dhidi ya samaki. Ephesus, kwenye makaburi ya wapiganaji yaliyogunduliwa mwaka 1993, limepatikana fuvu lenye matundu yanayolingana na meno ya mkuki huo. Na kwa kuwa retiarius hakufunika uso, mwandishi wa Kirumi Suetonius anasema mfalme Claudius alipenda waliokuwa wakianguka wachinjwe, hasa hawa, apate kutazama nyuso zao wakikata roho. Silaha ileile iliyoshikwa na mungu aliyeitikisa Helike, hapa imeshikwa na mtumwa ambaye mfalme anataka kuona akifa.

Wenye dola nao hawakuiacha. Waingereza walimpa Britannia, yule mwanamke wa kuchorwa anayeiwakilisha nchi yao, mkuki huo kwenye sarafu ya peni ya mwaka 1797, kujisifu kwamba bahari ni yao. Barbados, iliyokuwa na Britannia huyo kwenye nembo ya kikoloni, ilipopata uhuru mwaka 1966 iliweka kwenye bendera kichwa cha mkuki peke yake, mti wake umevunjwa. Mchoro huo nakuomba uutafute uutazame. Kukata sehemu ndogo tu kukasema yote.

Sasa nembo yako. Uliyonitumia imepinda kwa madaha, ni ya kwenye gari la kifahari la Kiitaliano, wale Maserati, ambao waliitoa kwa sanamu ya Neptune, Poseidon wa Warumi, iliyoko mji wa Bologna. Muuza samaki ya nini hiyo? Chora ule wa mjomba: meno yaliyonyooka, vijichuma vya nyuma vionekane, mti wa kawaida. Nimemwomba aupige picha, atakutumia kesho akirudi pwani. Mteja akiuliza maana yake mwambie ni wa kuvulia samaki. Ukimaliza nitumie kwenye simu ya baba yako, yangu kioo kimepasuka.

Mama yako