Kusanifu vipuri kwa kompyuta ukiwa Lamu

Mdogo wangu, umeuliza kama utaweza kujifunza kusanifu vipuri bila kununua programu ghali. Utaweza. Pakua FreeCAD, ni ya bure, na ukishaiweka hufanya kazi bila intaneti.

Anza na kitu unachokishika: kile chuma kinachoshikilia mashine ya boti. Kipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana), kichore, kisha kitie mzigo kwenye sehemu ya programu iitwayo FEM. Hiyo hukigawa vipande vidogo na kuhesabu mkazo wa kila kimoja, yaani nguvu inayokibana au kukivuta ndani kwa ndani. Utaona mkazo umejazana kwenye kona kali. Iviringe kona, hesabu tena. Rangi za kwenye skrini zinazoonyesha mkazo usiziamini kabla ya hesabu ya mkono, tafadhali.

Chuma chenyewe, kwa chumvi yetu, kiwe chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316, si 304, maana 316 hustahimili chumvi zaidi. Pia pita gatini uwaulize mafundi vyuma kama hicho hukatikia wapi.